Kisiwa cha São Tomé

Watoto wa Goma wanayajua mawe meusi. Wanayakanyaga kila siku njiani kwenda shule. Mawe hayo yalitoka tumboni mwa mlima Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 yalishuka yakiwa uji wa moto, yakapita katikati ya mji mpaka ziwani, yakaunguza nyumba na maduka. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitapika tena, na uji ule ukasimama pembeni mwa mji. Lakini mkulima wa Rutshuru anajua jambo la pili juu ya mlima wa moto. Mawe yakizeeka, mvua na jua na mizizi huyavunja, nayo hugeuka udongo mweusi. Katika udongo ule maharage huota bila kubembelezwa.

Leo tutasoma habari za mlima mwingine wa namna hiyo. Hauko katika Kongo. Uko baharini, na kichwa chake kilichotokea juu ya maji ndicho kisiwa cha São Tomé. Udongo wake ni mzuri sana. Tutaona udongo huo ulileta nini, na ni nani waliolipa. Maana kati ya waliolipa walikuwako watu wa Kongo.

Mahali pake

Fungueni ramani ya Afrika. Wekeni kidole pale mto Kongo unapoingia baharini, karibu na Moanda. Pandisheni kidole kuelekea kaskazini kando ya pwani, mpite Kabinda na Pointe-Noire, mfike Gabon. Mkiukuta mstari wa ikweta, geuzeni kidole upande wa machweo ya jua, majini. Zaidi ya kilometri 200 kutoka pwani mtaona nukta ndogo. Ndiyo São Tomé. Juu yake, upande wa kaskazini, iko nukta nyingine ndogo zaidi, Príncipe. Visiwa hivi viwili pamoja ni nchi moja, na watu wake wote ni zaidi ya 200,000. Katika Kongo tunayo miji mingi yenye watu kuliko nchi hiyo nzima.

Kisiwa cha São Tomé kina urefu wa kilometri karibu 48, na upana wa kilometri karibu 32. Ni kidogo, lakini usidhani utakizunguka kwa gari. Barabara ya pwani hukatika upande wa kusini-magharibi, kwa sababu huko milima inashuka wima mpaka baharini na msitu umefunga njia.

Mstari wa ikweta haupiti juu ya kisiwa chenyewe. Unapita juu ya kisiwa kidogo kilicho mbele ya ncha yake ya kusini, kinachoitwa Rolas. Baharia Mreno, Gago Coutinho, alipima nchi ile katika miaka ya 1915 mpaka 1918, akaonyesha mahali mstari unapopita, na leo lipo jiwe la ukumbusho pale. Mstari huohuo, ukiufuata kwa upande wa mashariki, unafika karibu na Mbandaka, kisha karibu na Butembo. Basi mtoto wa Butembo na mtoto wa Rolas wanaona mchana na usiku wa urefu mmoja, mwaka mzima.

Namna kisiwa kilivyozaliwa

Ndani sana ya dunia mna joto kali hata mawe huyeyuka. Mawe yaliyoyeyuka yakipata ufa, hupanda. Chini ya bahari ya Guinea ufa mrefu ulitokea, na milima ya moto ikajipanga juu yake kama watoto wa shule katika mstari. Wa kwanza yuko nchi kavu: ni mlima Kamerun, wenye urefu wa zaidi ya metri 4000. Huo bado ni mzima. Ulitapika moto mwaka wa 1999 na tena mwaka wa 2000. Wengine wako majini. Kwanza Bioko, kisha Príncipe, kisha São Tomé, na wa mwisho mdogo, Annobón.

São Tomé ulianza chini ya bahari, mahali penye kina cha metri karibu 3000. Uji wa moto ulitoka, maji yakaupoza, ukawa jiwe. Juu yake mwingine, na mwingine tena. Kazi hiyo haikuwa ya mwaka mmoja wala ya miaka elfu moja. Ilichukua mamilioni ya miaka, mpaka kichwa kikatoka majini. Leo kilele chake, Pico de São Tomé, kiko metri 2024 juu ya bahari. Tukiuhesabu mlima wote tangu miguu yake iliyozama, unapita metri 5000, karibu sawa na Ruwenzori. Leo moto wake umelala. Hakuna mtu aliyeandika kwamba aliuona ukiwaka.

Upande wa kusini wa kisiwa iko ajabu moja ambayo wageni wote hupenda kuitazama. Ni nguzo ya jiwe iliyosimama peke yake katikati ya msitu, juu kuliko miti, kwa metri zaidi ya 300. Wareno waliiita Cão Grande, yaani Mbwa Mkubwa. Ilitokeaje? Zamani palikuwa na mlima wa moto pale. Uji wa mwisho haukutoka. Uliganda kooni mwa mlima, ukawa jiwe gumu. Mvua ya miaka mingi ikaosha mlima wa nje uliokuwa laini. Koo likabaki.

Mvua yenyewe haigawanyiki sawasawa. Upepo unatoka baharini upande wa kusini-magharibi ukichukua mawingu mazito. Unagonga mlima, mawingu yanapanda, yanapoa, yanamwaga maji. Upande ule hupata mvua ya milimetri 5000 na zaidi kwa mwaka. Ng'ambo ya mlima, kaskazini-mashariki, mawingu hufika yakiwa matupu. Huko hupatikana milimetri 1000 tu au chini yake, na mibuyu huota katikati ya majani makavu. Ndiyo maana mji mkuu, unaoitwa pia São Tomé, ulijengwa upande huo. Miezi ya Juni mpaka Septemba ni kiangazi. Wenyeji hukiita gravana.

Vyura waliovuka bahari

Kisiwa hiki hakikuunganika na Afrika wakati wowote. Basi wanyama wake walifikaje? Ndege waliruka. Wako ndege wa São Tomé wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Lakini msituni wako pia vyura, na yuko mnyama mmoja wa rangi ya manjano afananaye na mnyoo mkubwa, naye ni wa ukoo wa vyura. Chura ana ngozi laini. Maji ya chumvi humwua. Mwaka wa 2007 wataalamu waliandika jibu wanalolifikiri. Mito mikubwa kama Kongo na Niger wakati wa mafuriko huchukua vipande vya kingo pamoja na miti na udongo wake, kama visiwa vinavyoelea. Ninyi mnaokaa mtoni mmeviona. Tena maji matamu ya mto hukaa juu ya maji ya chumvi, yakaenda mbali sana baharini. Kipande kimoja cha namna hiyo, chenye vyura ndani ya mizizi yake, kilisukumwa na mkondo mpaka kisiwani. Ikiwa wataalamu hao wamesema kweli, yamkini wakaaji wa kwanza wa São Tomé walitoka katika mto wetu.

Wareno wanafika

Watu hawakuwako. Mabaharia Wareno, João de Santarém na Pêro Escobar, walikiona kisiwa yapata mwaka wa 1471. Inasimuliwa kwamba siku ile ilikuwa tarehe 21 Desemba, sikukuu ya Mtume Tomaso kwa kalenda ya zamani, ndiyo sababu ya jina. Hawakukuta nyumba wala shamba wala nyayo.

Wareno wachache walipenda kwenda kukaa kule, maana homa iliwaua upesi. Mfalme wao, João wa pili, akafanya jambo ambalo sisi tukilisoma tunasikia uchungu. Mwaka wa 1493 aliwanyang'anya Wayahudi waliokimbilia Ureno watoto wao, akawapakia merikebuni pamoja na nahodha Álvaro de Caminha. Waandishi wa zamani wanasema walikuwa watoto 2000, wengine wa miaka minane na chini yake. Baada ya miaka michache walibaki 600 tu. Hao ndio walikuwa kati ya wakaaji wa kwanza wa mji, pamoja na wafungwa waliofukuzwa Ureno, na Waafrika walioletwa watumwa kutoka pwani.

Wareno wale walizaa watoto na wanawake Waafrika. Mwaka wa 1515 mfalme wa Ureno aliandika kwamba wanawake hao na watoto wao ni huru, na mwaka wa 1517 akawapa uhuru pia watumwa wanaume wa wakaaji wa kwanza. Waliopata uhuru waliitwa Forro. Wajukuu wao ni wengi kisiwani mpaka leo, na wana lugha yao iliyochanganya Kireno na lugha za Afrika. Shikeni jina hili la Forro, tutakutana nalo tena.

Sukari

Mkulima akipata udongo wa mlima wa moto, na mvua, na mito mingi ishukayo kwa nguvu, atapanda nini? Wareno walipanda miwa. Maji ya mito yaligeuza magurudumu, magurudumu yakaviringisha vinu vya kukamua miwa. Katikati ya karne ya 16 vilikuwako vinu karibu 60, na merikebu zilijaza sukari zikaenda Ulaya.

Lakini miwa haijikati yenyewe, na kuni za kuchemshia sukari hazijipasui. Watumwa walinunuliwa katika nchi ya Benin, kisha zaidi katika Kongo, na baadaye Angola. Huu ulikuwa mwanzo wa desturi mbaya sana: shamba moja kubwa, zao moja la kuuza mbali, bwana mmoja, na mamia ya watumwa Waafrika. Kutoka hapa desturi hiyo ilivuka bahari ikafika Brazili na visiwa vya Amerika. Watu wengi hudhani ilianzia Amerika. Shule yake ya kwanza karibu na ikweta ilikuwa hapa, mbele ya mlango wa mto Kongo.

Barua ya mfalme wa Kongo

Wakati ule mfalme wa Kongo alikuwa Afonso wa kwanza, jina lake la kwao Mvemba a Nzinga. Alitawala toka mwaka wa 1509 mpaka yapata 1542, akikaa Mbanza Kongo, mji ulio leo katika Angola. Alikuwa Mkristo, alijua kusoma na kuandika, na mwanawe Henrique alifanywa askofu mwaka wa 1518.

Biashara ya São Tomé ilipita bandari ya Mpinda, mlangoni mwa mto. Wafanyabiashara wa kisiwani hawakutosheka na mateka wa vita. Walinunua yeyote aliyeletwa. Mtawala wa kisiwa, Fernão de Melo, alizuia hata barua za Afonso zisifike Ureno, kwa kuwa kisiwa kilitaka kushika biashara yote mkononi mwake. Mwaka wa 1526 Afonso alimwandikia mfalme João wa tatu wa Ureno. Alimweleza kwamba kila siku wafanyabiashara wanakamata watu wa nchi, hata watoto wa wakubwa na jamaa zake yeye mwenyewe, na kwamba nchi inaishiwa na watu. Alisema hataki tena kitu kutoka Ureno ila mapadri na walimu, na divai na unga kwa Misa.

Yatupasa kusema kweli yote. Afonso mwenyewe aliuza mateka wa vita, na baada ya barua ile hakufunga soko. Aliweka wakubwa watatu wa kuchunguza kila mtumwa kabla hajanunuliwa, kama ni mtumwa kweli au ni mtu huru aliyeibiwa. Mlango ukiisha kufunguliwa kwa faida, mchunguzi hauwezi kuufunga. Merikebu ziliendelea.

Kanisa nalo lilikuwa limefungwa na kisiwa kile. Mwaka wa 1534 jimbo la São Tomé lilianzishwa, na Wakristo wa Kongo wakawekwa chini ya askofu wake. Hivyo mtu wa Mbanza Kongo alikuwa na askofu katika kisiwa kilekile ambako ndugu yake alikuwa mtumwa. Ilikuwa mwaka wa 1596 ndipo Kongo ilipopewa jimbo lake.

Amador

Watumwa hawakukaa kimya. Msitu na milima ilikuwa karibu, nao walikimbilia huko wakajenga vijiji. Upande wa kusini wako watu waitwao Angolar. Wao husimulia kwamba babu zao waliokoka katika merikebu ya watumwa iliyopasuka juu ya miamba. Wataalamu wengine wasema babu zao walikuwa watumwa waliotoroka mashambani. Lugha yao ina maneno mengi ya Kimbundu, lugha ya Angola, na kwa miaka mingi hakuna bwana aliyewatawala. Ni wavuvi hodari.

Tarehe 9 Julai 1595 mtumwa mmoja, Amador, aliinua watumwa wa mashamba. Maelfu walimfuata. Walichoma vinu vya sukari kimoja baada ya kingine, wakaenda kupigana na mji wenyewe. Amador aliitwa mfalme. Lakini mji ulikuwa na mizinga, na baada ya wiki chache jeshi lake likavunjika. Watu wake wengine walimsaliti, naye akauawa tarehe 4 Januari 1596. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya nchi, na sura ya Amador iliwekwa juu ya noti za fedha. Sura hiyo ni kazi ya msanii tu, kwa maana hakuna aliyechora uso wake alipokuwa hai. Fedha za bwana wake zilikwisha kusahauliwa.

Baada ya hapo mabwana wengi walihamia Brazili. Tena sukari ya Brazili ilikuwa bora. Ile ya São Tomé haikukauka vizuri kwa sababu ya unyevu wa kisiwa. Waholanzi nao walikuja kupiga mji. Kwa miaka zaidi ya 200 kisiwa kikawa kituo tu, mahali pa merikebu za watumwa kuchukua maji na chakula. Miti ikarudi juu ya mashamba.

Kakao

Mwanzoni mwa karne ya 19 Wareno walileta mimea miwili: kahawa, kisha kakao kutoka Brazili. Kakao ilipendezwa mno na udongo ule mweusi. Kutoka visiwa hivi ilifika Bioko, na kutoka Bioko fundi mmoja, Tetteh Quarshie, aliichukua mwaka wa 1879 mpaka Ghana. Basi kakao nyingi ya Afrika ya Magharibi ina nyanya yake katika visiwa hivi.

Msitu ulikatwa tena. Yakatokea mashamba makubwa yaitwayo roça: Água Izé, Monte Café, Rio do Ouro na mengine. Roça moja ilikuwa kama mji, ina reli yake, hospitali yake, kengele yake, na nyumba ndefu za wafanyakazi zilizopangwa kama ghala. Mwanzoni mwa karne ya 20 kisiwa hiki kidogo kilikuwa kati ya wauzaji wakubwa kabisa wa kakao duniani.

Sheria ya Ureno ilikuwa imeondoa utumwa katika kisiwa mwaka wa 1875. Waliokuwa watumwa walitoka mashambani siku ileile wasitake kurudi, na Forro nao walikataa kazi ya roça. Kwao ilikuwa aibu. Basi mabwana wakatafuta watu Angola. Watu walinunuliwa ndani ya bara, mbali sana. Wafanyabiashara wa Bié walifika mpaka nchi ya Waluba, katika Kongo yetu. Walitembezwa miezi mingi mpaka pwani. Huko karani aliwauliza kama wanakubali kazi ya miaka mitano. Wakinyamaza, ilihesabiwa kwamba wamekubali. Kila mmoja alifungwa shingoni kipande cha bati chenye namba, akapakiwa melini. Miaka mitano ikiisha, kontra iliandikwa upya bila yeye kuulizwa. Kwa miaka zaidi ya thelathini karibu hakuna aliyerudi kwao. Kumbukeni kwamba miaka ileile, hapa kwetu, watu wa Leopold walikuwa wakilazimisha vijiji kuleta mpira.

Mwandishi Mwingereza, Henry Nevinson, alifuata njia ile ya watumwa katika miaka ya 1904 na 1905, kisha akaandika kitabu. Wenye viwanda vya chokoleti katika Uingereza, akina Cadbury, walikuwa wakinunua kakao ya São Tomé. Walikuwa watu wa dini, tena waliwatendea vema wafanyakazi wao wa Uingereza. Walikuwa wamesikia habari za utumwa tangu mwaka wa 1901. Walituma watu kuchunguza, walizungumza na wakubwa wa Ureno, na katika miaka hiyo yote waliendelea kununua. Mwaka wa 1909 wakaacha, pamoja na wenzao Fry na Rowntree. Gazeti moja la London lilikuwa limewacheka kwa kukawia kwao, nao wakalishtaki. Baraza la mji wa Birmingham lilisema Cadbury wameshinda, likaamuru gazeti liwalipe. Liwalipe nini? Sarafu moja, ndogo kuliko zote za Uingereza. Mimi naona baraza lile lilijua kupima.

Baada ya hapo Waangola wengine walirudishwa kwao, na wafanyakazi wakaanza kutoka pia Msumbiji na visiwa vya Kabo Verde, ambako njaa iliwafukuza. Kazi ilibaki ngumu.

Jambo moja jema la wakati ule lisisahauliwe. Katika Príncipe ugonjwa wa malale uliua watu wengi, kama ulivyoua katika Kongo. Waganga Wareno waliamuru vichaka vikatwe, na wafanyakazi wavae mgongoni kitambaa cheusi kilichopakwa gundi. Mbung'o hupenda rangi nyeusi: alikuja, akanasa. Mwaka wa 1914 mbung'o walikuwa wamekwisha kabisa kisiwani. Walionekana tena mwaka wa 1956, wakamalizwa mara ya pili mwaka wa 1958. Lakini fikirini: mitego ile ilikuwa migongo ya watu wa kontra.

Batepá

Wafanyakazi hawakutosha. Gavana Carlos Gorgulho alitaka majengo mapya na barabara, na mashamba yalitaka mikono. Habari zikaenea kwamba Forro nao watalazimishwa kuandika kontra. Tumeona kwamba babu zao walipata uhuru tangu mwaka wa 1515. Waliudhika, wakabandika karatasi za kukataa. Tarehe 3 Februari 1953 askari na watu wa mashamba waliopewa silaha walianza kuwaua, kwanza pande za Batepá na Trindade. Mauaji yaliendelea siku nyingi. Wengine walisongamana katika chumba kidogo cha gereza wakafa kwa kukosa pumzi. Wengine walifungwa minyororo pwani ya Fernão Dias, wakachota maji ya bahari kwa kazi isiyo na maana. Waliokufa walikuwa mamia. Gavana alisema amezima fitina ya wakomunisti. Fitina hiyo haikuonekana.

Tarehe 12 Julai 1975 São Tomé na Príncipe zilipata uhuru, na Manuel Pinto da Costa akawa rais wa kwanza. Mwaka uleule serikali ilichukua mashamba makubwa. Wakubwa Wareno na mafundi walikuwa wameondoka, bei ya kakao haikutulia, na mashamba yaliharibika. Katika miaka ya 1990 ardhi iligawanywa kwa familia ndogo ndogo. Leo katika roça nyingi utaona hospitali isiyo na paa, mti umeota dirishani, na ng'ambo ya kiwanja familia zimeanika kakao yao wenyewe. Wengi wao ni wajukuu wa watu wa kontra. Wanakaa katika nyumba zilezile ndefu, lakini kengele hailii tena.

Chakula chao hakingekushangaza. Wanakula ndizi, samaki, mafuta ya mawese, na tunda la mshelisheli, ambalo likichomwa lina ladha kama ya mkate. Na katika sikukuu hucheza mchezo mrefu uitwao Tchiloli. Mwana wa mfalme Karolo Mkuu amemwua rafiki yake, na ndugu za marehemu wamekuja kudai haki. Je, mfalme atamhukumu mwanawe mwenyewe? Wazungu walileta mchezo huu, wenyeji wakaushika wakaufanya wao, na watu husimama juani saa nyingi kungoja hukumu, ingawa wote wanaijua.

Kila tarehe 3 Februari watu hukusanyika Fernão Dias, penye ukumbusho wa waliokufa.

Maswali. Kwa nini mji mkuu haukujengwa upande wa kusini-magharibi? Cão Grande ilitokeaje? Chora mlima ule kabla ya mvua kuuosha, kisha baada yake. Mfalme Afonso aliomba nini katika barua yake ya mwaka wa 1526, na kwa nini wachunguzi wake hawakuweza kuzuia biashara? Wenye chokoleti walijua tangu mwaka wa 1901. Wangefanya nini mwaka uleule? Waulizeni wazee wa kwenu: ni zao gani lililimwa kijijini kwenu kwa kulazimishwa, na lilipelekwa wapi?